Ua la kivuli lenye kushika vumbi ya parsele

Ndugu wachimbaji, na ninyi bamama ba ku nyumba, vumbi haiishii ku kariere. Inatufuata mpaka ku parsele. Mwaka 2018, watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mtaa wa Kasulo, ku Kolwezi: kobalti iko ndani ya vumbi ya manyumba, na batoto njo walionekana nayo zaidi ndani ya mukojo. Mutoto anacheza chini, anatia mukono mu kinywa. Vumbi inaingia vile.

Sisi ba sendika tunadai kila siku makampuni yamwangie barabara maji. Lakini tuangalie pia chini ya muti wa maembe. Pale majani hayaotake, juu ya kivuli, na kila asubuhi tunafagia mpaka bulongo inabakia wazi. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo inaibeba yote.

Kuko ua la kwetu Afrika lenye kupenda kivuli. Wanasayansi wanaliita Chlorophytum comosum. Kwa Kifaransa ni plante araignée. Majani yake marefu na membamba yanabakia mabichi mwaka muzima, maua yake ni madogo, meupe. Mizizi yake minene inaweka maji, njo maana inavumilia kiangazi.

Hapana haja ya kununua. Ua linazaa vitoto ku ncha ya mabua marefu. Omba jirani mwenye kuwa nalo. Kata kitoto chenye kuanza mizizi, upande wakati mvula inaanza, mwezi wa kumi na moja, sentimita 20 ao 30 kati ya kimoja na kingine. Changa bulongo na majani yaliyooza. Juma za kwanza, maji ya kusafishia mboga inatosha. Acha njia ya kupita, kwani linaogopa kukanyagwa.

Tuseme wazi: ua halitoshe sumu mu bulongo, linaishika tu isiruke. Kwa hiyo musilete bulongo ya ku mugodi mu parsele, nguo za kazi zifuliwe mbali na za batoto, na mikono inawe mbele ya kula. Na kampuni isiseme: "Wamekwisha kupanda maua." Kazi ya kumwangia barabara inabakia yake, na sisi tutaendelea kuidai.