Zawadi kwa Familia na Kodi ya Mirathi Uingereza

Kodi ya mirathi nchini Uingereza hutozwa kwenye mali aliyoacha marehemu pamoja na baadhi ya zawadi alizotoa akiwa hai. Pauni 325,000 za mwanzo hazitozwi. Kiwango hicho hakijaguswa tangu Aprili 2009 ilhali bei za nyumba zimepanda, hivyo kodi iliyodhaniwa ni ya matajiri sasa huzifikia familia za kawaida. Kinachozidi hutozwa asilimia 40. Nyumba ya kuishi ikirithiwa na watoto au wajukuu huongeza msamaha wa hadi pauni 175,000, na mali inayokwenda kwa mume au mke kwa kawaida haitozwi.

Kwa zawadi, kinachoamua ni muda. Mtoaji akiishi miaka 7 baada ya kutoa, zawadi hutoka kwenye hesabu, iwe kubwa kiasi gani. Akifariki kabla ya hapo, zawadi hurudishwa kwenye hesabu, nayo ndiyo hutangulia kuumaliza msamaha wa pauni 325,000. Hapa ndipo wengi hukosea. Wamesikia kwamba kodi ya zawadi huanza kupungua miaka 3 ikipita, na ni kweli: hushuka hadi asilimia 32, kisha polepole hadi 8. Lakini nafuu hiyo hugusa tu sehemu ya zawadi inayozidi pauni 325,000. Mzazi aliyempa bintiye pauni 300,000 akafariki miaka 5 baadaye hajaipunguzia familia chochote. Mali iliyobaki imeachiwa msamaha wa pauni 25,000 tu. Zawadi zikizidi kiwango, anayedaiwa kwanza ni aliyepokea, na huenda fedha ameshazitumia.

Zipo zawadi zisizosubiri miaka 7. Kila mtu anaweza kutoa jumla ya pauni 3,000 kwa mwaka wa kodi, na kisichotumika huvuka mwaka mmoja tu. Katika harusi, mzazi huruhusiwa pauni 5,000 na babu au bibi 2,500.

Msamaha mwingine mkubwa haujulikani sana: zawadi zinazotoka kwenye ziada ya kipato. Hauna kikomo. Sharti ni kwamba fedha zitoke kwenye mshahara, pensheni au kipato kingine, si kwenye akiba ya zamani. Zitolewe kwa mazoea. Na mtoaji abaki na za kutosha kuishi kama alivyozoea. Fedha za matumizi anazotumiwa mama kila mwezi Mombasa au Tanga, au karo ya wapwa, zinaweza kuingia humo. Lakini atakayethibitisha ni msimamizi wa mirathi, na fomu IHT403 humtaka aonyeshe mapato na matumizi ya marehemu mwaka kwa mwaka. Bila kumbukumbu, haki hii hupotea bure.

Kumwandikia mtoto nyumba huku mzazi akiendelea kuishi humo bila kulipa pango la bei ya soko hakusaidii: kisheria nyumba huhesabiwa bado ni ya mzazi.

Tangu tarehe 6 Aprili 2025, aliyekaa Uingereza angalau miaka 10 kati ya 20 iliyopita hutozwa kwa mali yake popote ilipo. Nyumba ya Nairobi huhesabiwa, ingawa Kenya ilifuta kodi yake ya urithi mwaka 1982. Kodi hulipwa ndani ya miezi 6 tangu mwisho wa mwezi wa kifo. Ikichelewa, huongezwa riba.