Wadhamini Wasioulizwa

Programu ya mkopo wa mtandaoni hutoa fedha kidogo, kwa siku chache, bila dhamana ya mali. Mkopaji huipakua, hujaza namba yake ya NIDA, kisha hubonyeza "ruhusu" mara kadhaa. Ruhusa moja hufungua majina na namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu. Nyingine huweza kufungua jumbe, zikiwemo za miamala ya fedha. Taarifa hizo zikishanakiliwa na kupelekwa kwa mkopeshaji, kuifuta programu hakuzirudishi.

Orodha hiyo ya majina ndiyo dhamana yenyewe. Katika kikoba cha majirani wa Sokon I, jijini Arusha, mdhamini huulizwa kwanza, hukubali mbele ya wenzake, na hujua kiasi anachokidhamini. Kwenye programu za mikopo zisizofuata sheria, mdhamini hajui lolote mpaka deni lichelewe. Hapo mwajiri, mama mkwe au fundi aliyepigiwa simu mara moja tu hupokea ujumbe unaomwita mkopaji tapeli. Mkopeshaji hutegemea aibu, nayo hulipisha haraka kuliko mahakama.

Kosa la msingi liko kwenye ridhaa. Mkopaji anaweza kuridhia taarifa zake zitumike, lakini namba ya shangazi yake ni taarifa ya shangazi, ambaye hakuulizwa. Hata ridhaa ya mkopaji mwenyewe ina walakini, kwa kuwa mara nyingi akikataa ruhusa hapati mkopo.

Tanzania ina msingi wa kisheria wa kulikabili jambo hili. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, wala zisitumike kwa jingine. Msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali kuhusu uwazi wa riba na tozo, ukusanyaji wa madeni na faragha ya wateja. Novemba mwaka huo ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Nchini Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu wengine kutuma vitisho. Google nayo, tangu Mei 31, 2023, imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake la Play kusoma majina na picha za simuni. Katazo hilo haliifikii programu iliyopakuliwa nje ya duka hilo, kwa mfano kupitia kiungo kilichotumwa WhatsApp.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kukopa, ukaguzi wa kwanza ni wa leseni ya Benki Kuu, na wa pili ni wa ruhusa. Ruhusa iliyokwisha kutolewa huondolewa kwenye mipangilio ya simu, ingawa kilichokwisha kunakiliwa hubaki kwa mkopeshaji. Anayesumbuliwa kwa deni la mtu mwingine huhifadhi jumbe alizotumiwa na kulalamika kwa Tume, kwa sababu naye ni mwenye taarifa, hata kama hakukopa.