Uandishi na Usimbaji wa Saratani ya Ngozi ya Uso: Mahali, Aina na Ualbino

Katika Afrika Mashariki, watu wenye ualbino wamo katika hatari kubwa ya kupata saratani ya ngozi, hasa kichwani, usoni na shingoni, ambako jua huwapiga bila kizuizi. Hata hivyo, takwimu zinazowafikia wapangaji wa sera huweza kuwaficha. Makala hii inaeleza jinsi pengo hilo linavyoanzia katika jalada la mgonjwa.

Katika Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la kumi (ICD-10), melanoma ya ngozi hupewa msimbo C43, na saratani nyingine za ngozi C44. Tarakimu inayofuata nukta hutaja mahali: C44.1 ni ngozi ya kope, C44.2 ya sikio, na C44.3 ya sehemu nyingine za uso, kama vile pua, shavu na paji. Kwa hiyo neno moja la daktari hubadili hesabu. Akiandika "saratani ya shavu" pasipo kufafanua, karani wa kumbukumbu hawezi kujua kama ni ngozi ya nje (C44.3) au utando wa ndani ya kinywa (C06.0).

Jambo la pili ni aina. Msimbo C44.3 hautofautishi saratani ya seli bapa, inayowapata zaidi watu wenye ualbino, na ile ya seli za msingi. Sajili za saratani hutumia misimbo ya ziada, 8070/3 na 8090/3, lakini misimbo hiyo hutegemea majibu ya kipimo cha kinyama. Majibu yakifika baada ya jalada kufungwa, na yasiingizwe, aina hubaki haijulikani. Athari yake si ndogo, kwani makadirio ya kimataifa ya GLOBOCAN hayajumuishi saratani ya seli za msingi.

Jambo la tatu ndilo husahaulika kwa urahisi zaidi. Hakuna msimbo wowote wa C44 unaotaja ualbino. Hali hiyo ina msimbo wake, E70.3, ambao sharti uandikwe kando ya ule wa saratani. Usipoandikwa, wizara haiwezi kujua ni wagonjwa wangapi wangeweza kukingwa kwa losheni ya jua, kofia pana na uchunguzi wa mapema, wala kutenga bajeti inayolingana na haja hiyo.

Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, hutanguliza aina: 2C30 kwa melanoma, 2C31 kwa seli bapa na 2C32 kwa seli za msingi. Kuhamia toleo hilo bila kurekebisha uandishi wa majalada hakutaziba pengo. Inafaa fomu ya kila mgonjwa iwe na nafasi nne za lazima: mahali halisi, aina, tarehe ya majibu ya maabara, na kama mgonjwa ana ualbino.