Kilo za mtoto ndani ya ordinateri

Wandugu watumishi, na ninyi wamama mnaoleta watoto kwenye dispanseri,

Siku hizi mahali pengi fishi ya mgonjwa inaandikwa katika ordinateri: jina, matrikule ya baba, tarehe ya kuzaliwa, kilo. Kila kijumba cha fishi hiyo kinaweza kuwa na sheria yake. Mtungaji wa programu anaibandika kama etiketi juu ya chupa ya dawa: hapa pasiwe patupu, hapa, kwa watoto wadogo, kilo zianzie 2 zisipite 30. Katika .NET ya Microsoft etiketi hizo zinaitwa Required na Range.

Lakini etiketi haijisomi. Kwa programu ya ordinateri ya mezani, mara nyingi mtungaji mwenyewe sharti aagize ukaguzi. Asipotaja kwamba sheria zote zikaguliwe, ile ya "pasiwe patupu" peke yake ndiyo inayotazamwa. Na hiyo nayo ina upofu: kijumba cha namba kikiachwa, programu inaweza kushika 0, nayo ikaridhika.

Kwenye dispanseri moja nilitaka kuandika 12,0. Mkato ukaponyoka, ikawa 120. Ordinateri ikanyamaza! Nilicheka, halafu nikaogopa. Mtungaji alipoitwa alisahihisha mstari mmoja tu, na toka siku ile 120 inakataliwa.

Bali kuna kosa ambalo sheria hiyo haikamati. Mtoto ana kilo 12, kidole kinaandika 21. Namba 21 iko kati ya 2 na 30, basi inapita. Sasa tazameni dawa ya malaria, artemeta-lumefantrini, vidonge vya 20/120: toka kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1 kila mara, toka 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Asubuhi na jioni, siku 3. Mtoto wetu atameza mara mbili ya kipimo chake. Na yule wa kilo 21 aliyeandikwa 12 atapata nusu, na malaria huenda isitoke mwilini.

Kwa hiyo mtoto akiwa juu ya mizani, angalieni namba wenyewe. Kisha ulizeni: "Munganga, umeandika kilo ngapi?" Si kumkosea heshima. Mimi nageuza kioo cha ordinateri ili mama asome. Asiyejua kusoma namsomea kwa sauti. Leteni pia karata ya kupima mtoto. Kama mwezi uliopita alikuwa na kilo 11 na nusu, tutashtuka sote wawili tukiona 21.