Muhuri wa ndala kuukuu: pambo la bei nafuu, somo la thamani

UKITAJA neno muhuri hapa Cyangugu, wa kwanza kufikiriwa ni ofisa wa mpakani. Wilaya yetu, ambayo tangu mwaka 2006 inaitwa Rusizi, inatazamana na Bukavu ng'ambo ya maji, na si rahisi kumpata mkazi wa Kamembe ambaye hajawahi kupanga foleni agongewe karatasi yake. Kwa sisi tuliokulia ukimbizini neno hilo ni zito zaidi. Karatasi yenye muhuri ilikuwa ruhusa ya kukaa; isiyo na muhuri ilikuwa mashaka matupu.

Lakini upo muhuri mwingine usiohitaji ofisa wala foleni. Ni ule unaochongwa nyumbani kwa kiazi, kwa mgomba au kwa soli ya ndala iliyokwisha, ukapakwa rangi na kugongwa kwenye karatasi au kitambaa ili kukipamba. Wengi huuona kuwa mchezo wa watoto. Mimi ninayefundisha nauona ni jambo la maana kuliko hivyo.

Kazi yenyewe si ngeni Afrika. Huko Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19, kabla kanga za viwandani hazijatawala soko, mafundi waligonga mapambo kwenye vitambaa vya pamba kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Nchini Ghana, mafundi wa Ntonso, karibu na mji wa Kumasi, huchonga mihuri ya adinkra kwa vipande vya kibuyu na kuchemsha magamba ya mti kupata wino. Kila alama ya adinkra ina maana yake, na anayevaa kitambaa hicho anajua amevaa ujumbe gani.

Je, sisi Wanyarwanda tugonge nini? Jibu tunalo: imigongo. Hii ni michoro iliyoanzia Gisaka, mashariki mwa nchi, eneo ambalo leo liko wilayani Kirehe na jirani zake. Masimulizi yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeianzisha. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, kikapandishwa matuta ukutani au ubaoni, kisha kikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Baada ya mwaka 1994 sanaa hii ilikuwa karibu kupotea. Wanawake wa Nyakarambi ndio walioifufua. Maumbo yake ni pembetatu, msambamba na mistari ya kwenda mshazari. Hakuna maumbo rahisi kuchonga kuliko hayo.

Nilisoma Tanzania, na kuchapa kwa viazi tulifundishwa darasani, katika moyo wa elimu ya kujitegemea. Tuligonga nyota, samaki na maua. Imigongo niliisikia tu katika mazungumzo ya wazee, nikaiona kwa macho baada ya kurejea nchini. Kwa hiyo ujuzi wa kugonga niliupata mapema, lakini vya kwetu vya kugonga sikuwa navyo.

Wanafunzi wa Rusizi wamezaliwa hapa hapa, lakini wengi wako karibu na hali ile ile. Gisaka iko upande wa pili wa nchi. Imigongo wanaiona kwenye kuta za hoteli na kwenye maduka ya zawadi, wakadhani ni mali ya watalii. Mtoto akishachonga ile pembetatu kwa mkono wake mwenyewe, dhana hiyo humtoka.

Jinsi ya kutengeneza

Kiazi ni chepesi kuchonga, lakini hunywea baada ya siku moja au mbili, na katika nyumba nyingi kiazi ni chakula cha jioni. Mimi napendelea ndala, ambazo hapa kwetu huitwa kambambili. Zikishakatika hutupwa, na soli yake hudumu kwa miaka.

Osha soli, ikauke. Chora umbo kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi nyepesi, ligeuze likutane na soli, kisha sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Mchoro utahamia kwenye soli ukiwa umepinduka. Jambo hili ni muhimu hasa ukichonga herufi, kwa sababu muhuri hugeuza kila kitu kama kioo. Anayechonga herufi jinsi anavyoziandika atazisoma kinyumenyume.

Kwa wembe au kisu chembamba, ondoa sehemu zisizotakiwa kwa kina cha milimita 3 hivi, ukiacha umbo lako likiwa juu. Kazi ya wembe ni ya mtu mzima. Watoto wadogo wapewe kiazi na mpini wa kijiko. Kisha gundisha soli kwenye kipande cha mbao kiwe mshikio.

Wino unaweza kuutengeneza nyumbani: kwangua masizi ya sufuria, changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo. Huo unafaa kwenye karatasi tu, maana kitambaa kikifuliwa hutoka. Kwa kitambaa nunua rangi ya vitambaa. Kifue kwanza kitoe dondo la kiwandani, gonga, acha rangi ikauke vizuri, kisha piga pasi ya moto upande wa nyuma.

Usichovye muhuri kwenye rangi. Paka rangi kwa kipande cha sponji ya godoro, kidogo kidogo. Tandika gazeti lililokunjwa chini ya karatasi, weka muhuri, kandamiza bila kuutikisa, kisha inua moja kwa moja. Chora kwanza mistari hafifu ya kukuongoza.

Pembetatu moja inatosha. Igeuze juu, chini, kushoto na kulia, utapata karibu ukuta mzima wa imigongo. Mwanafunzi anayeona hesabu ni adhabu hushangaa kugundua kwamba amefanya somo la maumbo kwa saa nzima bila kulalamika.

Faida na tahadhari

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kwa sheria ya mwaka 2008, na tangu hapo mfuko wa karatasi umekuwa wa kila siku. Muuza asali au kahawa aliyegonga alama yake kwenye mfuko anatambulika bila kwenda kwa mpiga chapa. Vivyo hivyo kadi za harusi, vitambaa vya meza na mapazia. Sisemi kwamba mtu atatajirika. Nasema ataacha kununua pambo la mbali wakati uwezo wa kulitengeneza anao.

Tahadhari ni moja, na ni nzito. Soli ile ile inayochora imigongo inaweza kuchonga muhuri wa ofisi, na huo ni uhalifu wenye kifungo. Nawaeleza wanafunzi wangu waziwazi. Kikapu cha agaseke kimo katika nembo ya taifa iliyoanza kutumika mwaka 2001. Kikapu chenyewe ni cha kila Mnyarwanda na unaweza kukigonga upendavyo, lakini nembo nzima ni ya dola, usiiguse. Mpaka huo hauna ugumu kwa kijana aliyeelezwa. Tatizo ni yule ambaye hakuna aliyemweleza.

Wapo wazazi wanaouliza kama mtoto ametumwa shule kuchonga ndala. Nawajibu kwamba kuchonga kunamfundisha kupima, kusubiri na kufikiri kinyume kabla ya kukata, maana kilichokatwa hakirudi. Tena kunampa cha kwao cha kuweka ukutani. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujatupa ndala zako wiki hii, tazama kwanza soli.