Jinsi Katiba ya 1963 ilivyofumuliwa kwa kura za wabunge

WITO wa kuifanyia Katiba marekebisho haujawahi kukoma nchini Kenya. Mjadala huo hata hivyo hujikita katika vifungu vinavyotakiwa kuongezwa au kuondolewa. Swali ambalo wengi hulisahau ni hili: nani ana uwezo wa kuibadilisha Katiba, na kwa kura ngapi? Historia ya Kitale na Bungoma, miji jirani ya magharibi mwa nchi, yaonyesha uzito wa swali hilo.

Katiba ya uhuru ya 1963 iliigawa nchi katika majimbo saba, mbali na eneo la Nairobi. Kabla ya mipaka kuamuliwa, Kitale ilizua mvutano mkali. Masinde Muliro, mmoja wa vigogo wa chama cha KADU, alitaka mji huo uwe katika jimbo moja na Bungoma. Hatimaye mpaka ulipita kati ya wilaya hizo mbili. Bungoma ikawa Magharibi, nayo Trans Nzoia, makao yake yakiwa Kitale, ikabaki Bonde la Ufa.

Majimbo yalipewa mabunge yake, na kila wilaya ikapewa kiti kimoja katika Seneti ya viti 41. Kifungu cha kawaida kilihitaji kura za robo tatu ya wanachama wote wa kila bunge ili kibadilishwe. Vifungu vya msingi, vikiwemo vya majimbo, vilihitaji asilimia 90 ya Seneti. Kwa hesabu hiyo, maseneta watano tu wangeweza kuzuia badiliko. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga ya wilaya zisizo na watu wengi.

Kinga hiyo haikudumu. Novemba 1964, KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na KANU. Mnamo Desemba 12 mwaka huo, Kenya ikawa jamhuri, Rais akiwa kiongozi wa taifa na wa serikali pia. Mwaka wa 1965, kiwango cha kura za kurekebisha Katiba kiliteremshwa hadi asilimia 65. Tangu hapo, serikali yenye wabunge wengi ingeweza kufanya itakavyo.

Matokeo yake yalionekana upesi. Aprili 1966, wabunge waliokihama chama kilichowadhamini walilazimishwa kurudi kwa wapiga kura, hatua iliyokilenga chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga. Kabla ya mwaka kwisha, Seneti iliunganishwa na Bunge la Wawakilishi, na Bungoma na Trans Nzoia zikapoteza maseneta wao. Mwaka wa 1968, masalio ya majimbo yalifutwa.

Juni 1982, kifungu 2A kiliifanya KANU kuwa chama pekee kilichokubalika kisheria. Mwaka wa 1986, Mwanasheria Mkuu aliondolewa ulinzi wa kazi yake, na majaji wakafuatia 1988. Ulinzi huo ulirejeshwa 1990. Katika hayo yote, mwananchi hakuulizwa kwa kura hata mara moja.

Mwaka wa 1991, Muliro alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, vuguvugu lililopigania vyama vingi. Kifungu 2A kiliondolewa Desemba mwaka huo. Lakini wakati uo huo, baadhi ya wanasiasa wa KANU walifufua wito wa majimbo, safari hii kama tishio kwa jamii zilizoitwa wageni katika Bonde la Ufa. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yaliwang'oa wakazi wengi makwao Trans Nzoia na Bungoma. Suala la mpaka, ambalo mawakili hulijadili kwa utulivu, likawa la kufa na kupona kwa mkulima wa mahindi.

Wananchi walipoulizwa kwa mara ya kwanza, Novemba 21, 2005, waliikataa rasimu iliyoletwa na serikali; chungwa likaishinda ndizi. Agosti 4, 2010, waliikubali Katiba mpya, iliyozinduliwa Agosti 27. Uchaguzi wa Machi 4, 2013, uliwarejeshea Bungoma na Trans Nzoia maseneta baada ya zaidi ya miaka 46.

Katiba hii imejiwekea ulinzi. Mswada wa Bunge wahitaji thuluthi mbili ya kila bunge, na siku 90 zipite kati ya kusomwa kwa mara ya kwanza na ya pili. Njia ya wananchi yahitaji sahihi za wapiga kura milioni moja na idhini ya mabunge 24 ya kaunti. Hapo Trans Nzoia yenye wadi 25 ina kura moja sawa na Bungoma yenye 45. Masuala ya msingi, kama vile ugatuzi na muhula wa Rais, lazima yafike kwenye kura ya maamuzi.

Ulinzi huo ulipimwa na mpango wa BBI. Zaidi ya mabunge 40 ya kaunti yaliupitisha, lakini Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu iliamua kuwa Rais hana ruhusa ya kuanzisha marekebisho kupitia njia iliyotengewa wananchi.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa 1965 ulichukua miaka 45 kuzibwa. Mwananchi anapoletewa fomu atie sahihi, asiishie kuuliza ataongezewa nini. Aulize pia kama badiliko hilo litawarahisishia wengine kazi ya kumpokonya kesho alichopewa leo.