Manahodha Wengi, Dira Moja

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya msingi mashambani, nilishuhudia jambo ambalo halijanitoka moyoni. Miradi miwili ya utafiti wa afya ilifika kijijini katika muhula mmoja. Mama mmoja, jirani yangu, aliulizwa maswali yale yale mara mbili, na mwanawe akadungwa kidole mara mbili atolewe damu. Ulipokuja mradi wa tatu, mama yule alifunga mlango.

"Mwalimu," aliniuliza, "hawa watu hawajuani?"

Sikuwa na jibu. Wasimamizi wa miradi ile walikuwa na ofisi katika mji mmoja, lakini kila mmoja alilinda madaftari yake kama mganga alindavyo tunguri zake.

Wapo watakaonikumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, iwapo kila nahodha anafuata dira yake. Lakini hebu tutazame majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kati ya mwaka 2009 na 2014 yalifanywa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vitatu vikiwa hapa kwetu: Kilifi, Kombewa na Siaya. Watoto 15,459 walishirikishwa. Wakuu wa vituo waliketi katika kamati moja, na vituo vyote vikafuata utaratibu mmoja ulioandikwa. Kwa sababu hiyo, homa ya mtoto wa Siaya iliweza kulinganishwa na ya mtoto wa Malawi. Lau kila kituo kingalipima kivyake, tungalipata ripoti 11 zisizosemezana. Mwaka 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini Kenya, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto walio katika hatari ya malaria.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi ambao kesho mtasimamia miradi kama hiyo, nawasihi jambo moja. Kabla ya kubisha hodi kijijini, ulizeni nani aliyewatangulia, alipima nini, na kama aliwarudishia wenyeji majibu. Kisha keti naye mpange pamoja. Mtafiti anayeona haya kumwuliza mwenzake hana haki ya kumchosha mama na maswali. Mlango uliofungwa siku ile ulifungiwa hata yule ambaye angeleta tiba.